Jaruba Lililofagiwa

Nilimnyang'anya mama mkwe wangu kijiko mbele ya watu. Siombi radhi. Ningekuwa pale leo ningemnyang'anya tena, na ningechukua na bakuli.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, uani kwake, nje kidogo ya Bukene. Mwanangu alikuwa amepakatwa na bibi yake, ana miezi sita, mdomo wazi, macho yote kwenye bakuli. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamejaa mikekani. Katika ukoo wa mume wangu mtoto wa kwanza wa nyumba haanzi kula hivi hivi. Bibi yake humpikia uji wa mchele uliotoka kwenye jaruba la babu yake, humlisha kijiko cha kwanza kwa mkono wake, na vigelegele hupigwa. Kabla ya hapo mtoto ni wa mama yake. Baada ya hapo ni wa ukoo. Vigelegele vilikuwa vimeshafika kooni mwao pale niliponyoosha mkono nikakidaka kijiko kati ya bakuli na mdomo wa mtoto, uji ukamwagikia kitenge kipya cha mama mkwe.

"Advera," alisema mume wangu, Deus, kwa sauti ya mtu anayemwita mbwa asivuke reli.

"Mama, samahani, naomba tusubiri," nilisema. "Huu mchele una kasoro."

Mama Apolinaria aliutazama uji kwenye kitenge, kisha akanitazama mimi. "Kasoro gani?"

Hapo nilihitaji jibu fupi na sikuwa nalo. Mpaka leo sijampata mtu wa kunipa jibu fupi la swali lile, na nimewauliza wengi, wengine wana digrii tatu. Nikasema tu ukweli ulivyo.

"Una sumu, mama."

Mtu akishamwambia mkwewe maneno hayo mbele ya jumuiya nzima, asitegemee kupewa nafasi ya kufafanua. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe aliyekuwa akirambaramba sufuria. Mwingine akasema "Yesu na Maria" na kuweka kikombe chake chini. Kijijini sumu haikai kwenye udongo wala kwenye jani la mmea. Sumu ina mwenyewe, ina mkono ulioitia. Mama Apolinaria alinirudishia mtoto taratibu, akasema, "Mchukue mwanao," akaingia ndani. Tangu mtoto azaliwe alikuwa akimwita "mume wangu", kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kiume, na kwake utani ulikuwa na uzito zaidi kwa sababu tulimpa mtoto jina la marehemu mume wake, Alois. Siku ile alisema "mwanao".

Nilikereka na kila mtu, lakini wa kwanza alikuwa Deus. Yeye ndiye aliyebeba jukumu la kumwambia mama yake mapema. Tukiwa nyumbani kwetu Gongoni, mjini Tabora, alisema atapiga simu. Ndani ya treni akasema mambo kama haya hayasemwi kwenye simu, atamwambia tukifika. Tulipofika akasema tusimharibie misa. Deus ni karani wa mizigo stesheni ya Tabora, na mizigo ya watu huifikisha vizuri sana. Wa kwake ndio unaolala stoo.

Mimi kazi yangu ni maabara ya udongo. Huku kwetu hiyo maana yake ni tumbaku, tumbaku, kisha tumbaku. Lakini mwaka ule mwenzangu wa kazini, Godbless, alikuwa akikusanya mchele kutoka mashamba yaliyo karibu na sehemu wanazooshea dhahabu, aupeleke Dar es Salaam ukapimwe sumu ya aseniki. Alihitaji pia mchele wa kulinganishia, mchele usio na doa. "Dada Advera," aliniambia, "niletee mchele safi kuliko wote unaoujua." Sikufikiri mara mbili. Nilimpimia kikombe kutoka kwenye gunia la mama mkwe, na nikamhubiria kabisa kuhusu mwanamke aliyeulima.

Majibu yaliporudi aliniita kwenye kompyuta yake huku akicheka hadi machozi. "Huyu msafi wako amewapita wachimba dhahabu wote!"

Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia warudie kipimo, wakarudia, na kikawa kile kile. Mtu mzima angeweza kuula mchele ule kwa miaka bila kujua kinachomtafuna. Kwa mtoto wa miezi sita, ambaye tumbo lake lote lingejaa uji huo asubuhi na jioni, haikuwa jambo la kujadili.

Sasa, kumweleza Mama Apolinaria ni kulieleza jaruba lake. Wengine wakivuna, wanaacha mabua ya mpunga yamezagaa, panya wanazaliana humo, ng'ombe wa jirani wanaingia na kutoka. Yeye alikata mpunga chini kabisa, akaupura juu ya turubai, mabua akayafunga mafungu na kuwauzia wachoma matofali na wenye ng'ombe. Pumba nazo ziliishia kwenye matanuru ya matofali, hakurudi na hata kiganja. Halafu, na hili nililiona kwa macho yangu mwaka nilioolewa, akaingia jarubani na ufagio. Alifagia shamba. Mabwana shamba walikuwa wakileta wageni kumwangalia mkulima wa mfano, nao wageni walipiga picha kwenye matuta yaliyonyooka yasiyovuja hata tone. Vibarua waligombea kuvuna kwake. Mchele wake ukifika sokoni, watu walikuwa wakiuliza "wa Mama Deus upo?" kabla hawajauliza hali.

Jaruba lenyewe lilikuwa nusu tu ya lile la zamani. Mzee Alois alipokuwa hai alililima lote pamoja na mdogo wake, Yoramu. Alipofariki likagawanywa kwa tuta moja katikati: upande wa mashariki wa mjane, upande wa magharibi wa Yoramu. Basi usiniulize upande wa magharibi ulikuwaje. Yoramu ni mtu mwema aliyemfuata mkewe hadi kanisa la Moravian na baada ya hapo hakufuata kitu kingine chochote kwa bidii. Mabua yake yalilala yalipoangukia. Mkewe alipikia jiko la pumba, na majivu aliyamwaga jarubani kwa sababu jalala lilikuwa mbali zaidi. Tuta lake la nje lilikuwa na tundu ambalo kila mwaka lilikuwa linazibwa kesho, kwa hiyo maji yake yalikauka, yakajaa, yakakauka tena. Mama Apolinaria hakuwa amekanyaga upande ule tangu walipogombana kuhusu panya.

Nilipomuuliza Deus baba yake alitumia mbolea gani, alinijibu kwa fahari: "Udongo wa josho." Nikakaa chini.

Kando ya ile njia ya zamani ya misafara, ambayo siku hizi ni ya bodaboda, kuna josho la ng'ombe lililojengwa enzi za Mwingereza. Ng'ombe wa vijiji vyote walisukumwa mle mmoja mmoja, wakaogelea kwenye dawa ya kupe, wakatokea upande wa pili wakitiririka. Tope la ndani lilipojaa lilichotwa na kumwagwa pembeni, likawa kichuguu cheusi. Josho lilikufa kabla Deus hajazaliwa, kichuguu kikabaki. Na kila Mnyamwezi na Msukuma anajua hili tangu tumboni: pale ng'ombe walipolala, pale ndipo pa kulima. Mzee Alois alipakia tope lile kwenye mkokoteni msimu mzima, safari baada ya safari, akalimwaga kwenye jaruba akijua anawaachia wanawe urithi. Hakuna aliyemwambia kwamba ile dawa ya kupe ya zamani ilikuwa aseniki, na kwamba aseniki haiozi wala haizeeki. Mwenye kosa hilo ni nani? Hasira yangu ilitafuta pa kutua ikakosa.

Kwa hiyo Jumapili ile ya kijiko, baada ya jumuiya kuondoka kimya kimya na pilau yao kubaki, nilikuwa na matumaini yangu. Nilijiambia nitamweleza mama taratibu kuhusu josho, ataelewa kwamba ni udongo, wala si yeye, yataisha. Yoramu ndiye aliyeniharibia. Alikuja akicheka tangu njiani, akasimama dirishani kwa shemeji yake.

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji! Nasikia mchele wa picha umeingia dosari?"

Ndani, mama alivuta pazia la dirisha.

"Shikamoo, baba mdogo," nilisema, nikitumaini salamu itamziba mdomo.

"Marahaba, mkwe. Nipimie na wangu. Udongo ni ule ule, alioumwaga kaka. Kama ni sumu, na mimi nimekufa zamani."

Nilikubali haraka, tena kwa furaha. Nilijua wake nao utakuwa mbovu, na ukiwa mbovu mama atapumua, maana lawama itabaki kwa josho. Nikarudi Tabora na vifuko viwili vya mchele na viwili vya udongo, nikasubiri, nikamsumbua Godbless mpaka akaanza kunikwepa kantini.

Majibu yalipokuja, mchele wa Yoramu ulikuwa sawa na mchele wowote wa dukani. Wa mama ulikuwa vile vile. Udongo tulioupima pande zote mbili ulikuwa na aseniki kiasi kile kile, gramu kwa gramu. Nilitamani kuichukua kompyuta ya Godbless niitupe uani.

"Labda wamechanganya mifuko," nilisema.

"Hawajachanganya."

"Sasa inakuwaje?"

"Mimi nitajuaje? Mpunga ni wa kwenu," alisema Godbless, akaendelea kula mhogo wake.

Na Deus, mume wangu, ambaye habari ya kwanza ilimkaa kooni hadi uji ukamwagika, habari hii aliipigia simu saa ile ile. Alidhani ni habari njema! "Mama, wa baba mdogo ni mzima!" Nilimsikia akisema hivyo nikiwa jikoni, na mwiko ukaniponyoka.

Haikuchukua juma. Udongo mmoja, mkono wa mwanamume salama, mkono wa mwanamke sumu: kijiji kilijipigia hesabu chenyewe. Theodora, mwenyekiti wa jumuiya, rafiki yake wa tangu usichana, alipita pale kwa mama na hakukubali hata maji. Vibarua waliokuwa wakigombea kuvuna kwake walianza kukumbuka maumivu ya tumbo ya mwaka juzi na juzi yake. Mtu aliuliza sokoni, kwa sauti, Mzee Alois alikufa kwa ugonjwa gani hasa. Mimi ni Mhaya, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini nimekaa huku vya kutosha kujua kwamba mama mzee anayeishi peke yake asiachwe asemwe hivyo kwa muda mrefu. Kuna watu hawangoji vipimo.

Na kisa ni neno langu. Nililisema kwa haki, na ningelisema tena, lakini lilikuwa limetoka nje linatembea lenyewe, na halikuwa likirudi nikiliita. Kila kitu, jina la mama mkwe wangu na kijiko cha mwanangu, sasa kilining'inia kwenye swali moja: kwa nini nusu yake, na siyo nusu ya Yoramu?

Nilimfunga mtoto mgongoni nikapanda treni. Deus aliuliza kama aje. Nilimwambia akae na mizigo.

Ilikuwa mwezi wa nane, nchi imekauka, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Mama alinipokea kama mgeni wa serikali. Alinipa kiti, alinipa maji ya kunawa, hakunipa neno. Mtoto alimnyooshea mikono, naye akaishika mikono ile kidogo, akaiachia. Mafungu ya mabua yalikuwa yamepangwa ukingoni mwa jaruba yakisubiri mkokoteni, na jaruba lenyewe lilikuwa limeshafagiwa. Kwa Yoramu, upande wa pili wa tuta, kulikuwa na vurugu ya mabua yaliyooza nusu, majivu meusi na kuku.

Yoramu alikuwa amekaa juu ya tuta, akitafuna muwa. Na hapo nikapoteza subira. Nilimwambia, kwa adabu yote iliyonibakia, kwamba kicheko chake kimemponza shemeji yake, na watu wanasema mambo mabaya.

Aliacha kutafuna. "Nani anasema?"

"Wote, baba mdogo. Wewe ulikuwa unatania. Wao hawatanii."

Akaonekana mzee ghafla. Kisha, kama watu wengi wanaosutwa, akaanza kujitetea kwa lalamiko lisilohusu. "Mkwe, mimi simwonei shemeji. Yeye ndiye ananizidi kila kitu. Hata vibarua! Wakimaliza kwake hawataki kuingia kwangu. Wanasema kwake mpunga ni laini, wanavuna kama wanachuma mchicha. Kwangu eti majani ni msumeno, yanawakata mikono, yanawasha siku mbili. Nimefanya nini mimi mpaka majani yangu yawe makali?"

Nilimtazama. Nilimwomba arudie, akarudia, akidhani namcheka.

Jani la mpunga linakata kwa sababu limejaa silikoni, ile iliyomo kwenye mchanga na kioo. Hilo lipo kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza, na mimi nilikuwa nimelifaulu, na nilikuwa nimezunguka miezi miwili na vifuko vya mchele nikiitafuta sumu bila hata kuuliza mmea ulikuwa umekula nini. Mpunga unaila silikoni kuliko karibu mmea mwingine wowote, na unaificha kwenye majani, kwenye mabua, kwenye pumba. Mfuko wa mbolea wa dukani hauileti. Mama Apolinaria alikuwa amelitia jaruba lake mbolea hiyo kila msimu, kisha akaondoa mabua yote na pumba zote, mwaka baada ya mwaka, akafagia na kilichobaki. Yoramu hakuondoa kitu, kwa uvivu. Nilikaa juu ya tuta kando yake, na nilichosikia kwanza kilikuwa hasira tu. Bidii yote ile! Na aliyepona ni huyu wa muwa.

Mama nilimkuta akichambua choroko. Nilikaa chini, mtoto katikati yetu.

"Nimejua ni nini, mama."

"Sema."

"Mpunga una kitu unachokihitaji kinachofanya jani liwe kali. Kipo kwenye mabua na pumba. Kwa baba mdogo kinarudi ardhini kila mwaka, kinaoza humo humo. Kwako kinaenda kwenye matofali."

"Nasafisha shamba."

"Unasafisha, mama."

"Na sumu?"

"Sumu ya josho ipo pande zote mbili. Ila inaingia kwenye mzizi kwa mlango ule ule wa kile kitu. Treni ikisimama hapa Bukene, mlango ukijaa abiria wenye tiketi zao, kibaka anabaki chini. Mlango ukiwa mtupu, anapanda wa kwanza. Na maji yako hayakauki msimu mzima, matuta yako hayavuji, sumu hiyo inapenda sana maji yaliyotuama."

Aliendelea kuchambua. Kokoto upande huu, choroko upande ule.

"Kwa hiyo mpunga wangu ulikuwa na njaa," alisema mwishowe.

"Ulikuwa na njaa. Na mwenye njaa hachagui."

"Ningekuwa mchafu kama Yoramu, mjukuu wangu angekula."

Nilitaka kumwambia kwamba siyo hivyo, lakini ilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimeapa kutomdanganya.

"Alois alipokufa," alisema, "mlimjengea kaburi la vigae. Zuri. Sikatai. Lakini halioti hata jani, Advera. Ninakwenda pale na ufagio wangu, nifagie nini? Nikasema basi, nitalifagia jaruba lake. Kila mavuno nikawa nafagia. Watu wakaja kunipiga picha, wakadhani ni kilimo."

Vigae vile tulivinunua mimi na Deus. Nilikuwa nimevichagua mwenyewe, vya bluu, kwa sababu ni rahisi kusafisha. Nililia, na nilikereka kwa kulia, maana nilikuwa nimekuja kuelezea mambo kitaalamu. Mama aliweka ungo pembeni. Alimwinua mtoto, akamkalisha pajani pake, akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Mume wangu," alimwambia kwa Kinyamwezi, na maneno mengine ambayo sikuyaelewa, na sikuomba tafsiri.

Nilimweleza la kufanya: tope la josho lililoonekana bado jeusi likwanguliwe, pumba zichomwe nusu zirudishwe, mabua yaachwe yaoze kabla ya mvua, na maji yaachwe yakauke mara kwa mara. Alirudi kwenye ungo wake wa choroko. Nikajua nimepoteza nauli. Asubuhi yake nilikuwa nafunga mizigo yangu ndipo Emilian, mchoma matofali, alipofika na mkokoteni wake kuchukua mabua kama walivyopatana.

"Mwangaluka, mama," alisalimia kwa mbali, bila kusogea karibu na nyumba. Hata yeye.

"Leo hakuna, Emilian."

"Mama, si hayo hapo? Tanuru liko tayari."

"Nimesema hakuna. Kamuulize Yoramu kama atakupa yake."

Kutoka ng'ambo ya tuta Yoramu alisema kwa sauti kubwa, ili njia nzima isikie, kwamba yake hayauzwi, na asiyejua kwa nini aje aulize kwa shemeji yake afundishwe. Ndilo neno pekee la maana nililowahi kumsikia akilisema. Emilian aligeuza ng'ombe wake akilaani wanawake wasio na msimamo.

Nikiruka mbele kidogo: mwaka uliofuata nilipima tena, mchele wa mama ukawa umeshuka hadi nusu, na mwaka wa pili ukalingana na wa Yoramu. Mwanangu alilishwa uji wa babu yake akiwa na meno yote na maoni yake mwenyewe, na alikataa kijiko cha kwanza kwa sababu haukuwa na sukari. Vigelegele vilipigwa hivyo hivyo. Godbless aliandika kuhusu jaruba lile kwa Kiingereza kirefu, akasahau kutaja kwamba lina mwenyewe, nami nikamsumbua mpaka akarekebisha. Vibarua sasa wanalalamika kwamba majani ya Mama Deus yanakata.

Lakini asubuhi ile hatukujua lolote kati ya hayo. Mama alivua kandambili, akakunja kitenge, akashuka jarubani, kwenye ule udongo uliofagiwa ukang'aa. Alifungua fungu la kwanza la mabua akalitikisa, likaanguka ovyo. Akalitazama lilivyoanguka. Akainama kulinyoosha, akajizuia, akaliacha. Fungu la pili alilitupa. Machozi yalikuwa yakimtoka wazi wazi na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaingia naye upande wa pili.

Hiyo ndiyo saa ambayo watu huenda kuchota maji. Walisimama njiani wakatazama. Mama Apolinaria anachafua jaruba! Nilisikia mmoja akisema amechanganyikiwa, masikini, ndivyo inavyoanza. Hakuna aliyekaribia. Kisha Theodora akafika na ndoo yake kichwani, akasimama mbele yao wote, na kwa mara ya kwanza tangu siku zile akaliita jina la rafiki yake.

"Apolinaria. Jaruba lako leo limekuwaje?"

Mama alikuwa ameshika fungu kifuani, vumbi la mabua limemjaa nyusi.

"Linakula," alisema.

Theodora alitutazama sisi na mabua. Akatua ndoo, akashuka.